Angalia mizizi, si majani

Nikifika ukingoni mwa mto, majani hayanidanganyi. Kichaka kinaweza kuwa kijani kibichi, kimesitawi kweli, na udongo ulio chini yake ukawa haushikiliwi na kitu.

Ndivyo ilivyo kwa mimea vamizi, ile ya kigeni inayosonga mimea ya asili. Chukua Impatiens glandulifera, ua la Himalaya lililopelekwa Uingereza mwaka 1839 kupamba bustani. Huishi msimu mmoja tu, lakini hupita kimo cha mita 2 na kusongamana mpaka mimea ya asili inakosa mwanga. Tunda lililokomaa ukiligusa linapasuka na kurusha mbegu hadi mita 7. Zinazoangukia mtoni husafirishwa bure. Baridi ikiingia, mmea wote unakufa. Mizizi yake ni mifupi mno, unaung'oa kwa mkono mmoja, na nyasi za kudumu ambazo zingeshika udongo zilishasongwa zamani. Maji ya mafuriko yanaukuta ukingo uko wazi, yanaumega, na tope linakwenda kutuama kwenye changarawe ambamo samaki kama samoni na trauti hutaga. Mayai yakifunikwa na tope hukosa oksijeni.

Wafugaji nyuki hunibishia hapa, na wana hoja: nekta yake ni nyingi. Lakini ndio wingi huohuo unaowavuta nyuki kutoka kwenye maua ya asili, nayo yakabaki bila kuchavushwa vizuri.

Matete makubwa ya Arundo donax yana tabia nyingine. Kwenye mito ya California hayazai mbegu zinazoota. Kipande cha shina chenye kifundo, kikibebwa na mafuriko, kinatosha kuanzisha kichaka kipya. Yanakunywa maji mengi, hayatandi kivuli juu ya mto kama miti ya asili, na yanawaka vibaya sana. Ukanda wa mto uliokuwa ukizuia moto sasa unaupitisha. Yakishaungua huchipua upya kabla miti haijajikusanya.

Kwa hiyo kufyeka ovyo ni kusambaza. Matete yanahitaji kuondolewa pamoja na shina lake la chini ya ardhi, bila kuacha vipande karibu na maji. Ua la Himalaya ni rahisi zaidi: mbegu zake hazidumu sana udongoni, kama miaka 2 hivi, basi ling'oe kabla halijatoa mbegu, msimu baada ya msimu, ukianzia juu ya mto. Ukianzia chini, mbegu za juu zitakurudisha palepale. Na pale ulipong'oa, panda mimea ya asili mapema, kwa sababu udongo mtupu haukawii kupata mvamizi mwingine.