Kwa nini kadi kuu ya deki yako (fungu la kadi unazochezea) hufa mapema?

Katika Magic: The Gathering, mchezo wa kadi uliotoka Marekani mwaka 1993, mambo huenda hivi: unalipa mana nne (mana ni nguvu ya kulipia kadi) kumteremsha kiumbe ambaye deki yako nzima inamtegemea. Mpinzani analipa mana moja, anacheza Swords to Plowshares, na kiumbe wako kwisha. Unaongezewa uhai kulingana na nguvu alizokuwa nazo, kifuta machozi tu.

Sababu ya kwanza ni bei: kuua ni rahisi kuliko kujenga. Ya pili, na naona ndiyo inayotuponza zaidi sisi wa Nairobi, ni malezi. Wengi tulianzia kadi ya mtaani, ile ya kutangaza "niko kadi!" ukikaribia kumaliza. Pale mshindi ni anayebaki mikono mitupu, basi kila zamu mkono unawasha kutupa. Kwenye Magic kadi iliyo mkononi haionekani, na Swords haiifikii. (Zipo kadi za kukulazimisha utupe za mkononi, lakini si kila deki inazo.)

Kwa hiyo subiri. Kiumbe wa mana nne ukimleta ukiwa na ardhi sita (ardhi ni kadi zinazotoa mana), zinabaki mbili; zikiwa za buluu, zinalipia Counterspell, inayobatilisha kadi ya mpinzani kabla haijafanya kazi. Au tanguliza chambo, kiumbe wa wastani lakini msumbufu, mwenzako amalizie silaha zake hapo. Hata mtaani mjanja hatupi Ace ovyo. Anaitunza mpaka atupiwe kadi ya 2 au ya 3 ya kumwokotesha, ajikinge nayo.

Wengine hutegemea hexproof, uwezo unaomzuia mpinzani kumlenga kiumbe wako. Ni ngao nzuri, ila ina tundu. Diabolic Edict haimlengi kiumbe, inakulenga wewe mchezaji: toa kafara kiumbe mmoja. Kama mezani unaye huyo mmoja tu, ndiye anakwenda. Ukiwa na kidhaifu fulani pembeni, unamtoa huyo, maana anayechagua ni wewe. Wrath of God nayo huangamiza viumbe wote bila kumlenga yeyote, na hapo kinachokuokoa ni kuwa na mwingine mkononi.

Ndiyo maana nakala zina uzito. Katika deki ya kadi 60, nakala nne (hapo ndipo sheria inakomea) zinakupa takriban 40% ya kuanza na angalau moja kati ya kadi saba za kwanza. Nakala moja haifiki hata 12%. Kwenye mchezo wa kadi wa Pokémon, deki pia ni kadi 60 na sita huwekwa kifudifudi kama zawadi, kwa hiyo nakala yako ya pekee hufungiwa humo karibu mara moja katika michezo kumi, kabla mpinzani hajacheza chochote.

Na ukitaka kuikinga kadi yako kuu na mikwaruzo, badilisha plastiki (vifuko vya kuvalishia kadi) za deki nzima kwa pamoja. Ikivaa mpya peke yake katikati ya zilizochakaa, mwamuzi wa mashindano ataihesabu kuwa imetiwa alama.