Walianza na Mabilioni? Tunayoyasema Mtwara kuhusu Forever 21

Belo la blauzi likikatwa kamba sokoni Mtwara, mikono yote inakimbilia shingoni, kwenye lebo. Juzi binti mmoja kavuta blauzi nyeusi ya Forever 21, kampuni ya Marekani ya nguo za vijana, pindo limefumuka upande mmoja, akaniambia, "Mama, hawa wenzetu walianza na mabilioni, sisi tutaweza wapi?" Kauli hiyo naisikia kila msimu kutoka kwa vijana wanaotafuta fremu ya kwanza, na inaniuma kwa sababu si kweli.

Waanzilishi wake, Do Won Chang na mkewe Jin Sook, walihamia Marekani kutoka Korea Kusini mwaka 1981. Mume alifanya usafi maofisini, akauza mafuta kituoni, akahudumu kwenye mgahawa wa kahawa. Mwaka 1984 walifungua duka Los Angeles kwa akiba ya dola 11,000, wakaliita Fashion 21, jina lililokuja kuwa Forever 21. Lilikuwa na futi za mraba 900, yaani fremu chache za mtaani kwetu ukizivunja kuta. Mwaka wa kwanza mauzo yalifika dola 700,000. Siri haikuwa mtaji. Walikuwa wakinunua mzigo uliolala kwa wauzaji wa jumla, nguo ambazo wenye mali wanataka tu ziwaondokee, wakaziuza haraka kwa bei ambayo msichana wa shule anaimudu. Anayefuata mzigo Kariakoo anaijua kazi hiyo vizuri.

Wengine wanaamini lebo ni kiwanda: kwamba kuna jengo moja linashona Forever 21 zote. Hakuna. Kampuni ilinunua kwa wazalishaji wengi, ndiyo maana blauzi mbili za lebo moja zinapishana uzi na kipimo. Soma kile kitambaa kidogo cha ubavuni, kimeandikwa nchi iliposhonwa. Na walioshona wana habari yao: mwaka 2001 mafundi wa viwanda vya Los Angeles waliishtaki kampuni wakidai haki zao za kazi, kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 2004. Nikishika nguo ya bei ya chini huwa nawafikiria.

Dhana inayotuumiza zaidi ni hii, kwamba kukua ni kuongeza maduka. Forever 21 yenyewe iliiamini. Ilitoka nchi 7 ikafika nchi 47 kwa muda usiotimia miaka sita. Mwaka 2010 ilifungua duka Times Square, New York, lenye futi za mraba kama 90,000, mara mia ya lile la kwanza. Sasa piga hesabu kama mfanyabiashara. Duka kubwa linadai mzigo mkubwa. Mzigo wa vijana ni wa mtindo, na mtindo ukipita, nguo inabaki ikining'inia. Kodi ya pango haisubiri, uuze usiuze, na mikataba ya majengo yale ni ya miaka mingi. Septemba 2019 kampuni ikaenda mahakamani kuomba kinga ya ufilisi dhidi ya wadai wake.

Nalielewa jambo hili kwa sababu limenipata. Nilikuwa na fremu moja Mtwara mjini, inajiendesha. Nikaona korosho zinalipa, nikachukua ya pili Masasi, kilomita kama 200, kodi ya mwaka mzima mkononi, nusu ya mzigo kwa mali kauli, yaani nilipe nikishauza. Msimu wa 2018/2019 malipo ya korosho yalichelewa. Watu waliingia, wakashika suruali, wakauliza bei, wakasema tutarudi. Fremu ya Mtwara ndiyo iliyolipa deni la Masasi, na kidogo nipoteze zote mbili.

Tazama upande wa pili. Inditex, kampuni ya nguo ya Hispania yenye lebo ya Zara pamoja na Bershka inayolenga vijana, ilikuwa na maduka zaidi ya 7,400 mwishoni mwa mwaka wa fedha wa 2019. Kufikia mwisho wa ule wa 2024 yalikuwa yamebaki kama 5,560. Hata hivyo mauzo ya mwaka yalipanda kutoka euro bilioni 28.3 hadi bilioni 38.6. Walifunga madogo, wakapanua yaliyo sehemu nzuri, wakayaunganisha na mauzo ya mtandaoni. Maduka yamepungua, kampuni imekua.

Je, mtandao ndio ulioiua Forever 21? Nusu ni kweli. Machi 2025 tawi la Marekani lilifilisika mara ya pili, na likalalamika wazi kuhusu wauzaji wa mtandaoni wa nje, ambao vifurushi vyao vya chini ya dola 800 viliingia Marekani bila ushuru. Lakini anguko la 2019 lilikuwa na mzizi mwingine, ule wa kodi na ukubwa. Anayemtupia Shein, mmoja wa wauzaji hao wa mtandaoni, lawama yote hajasoma mwanzo wa habari.

Wala haijafa, kama nilivyosikia mtu akiapa pale sokoni. Maduka ya Marekani ndiyo yaliyofungwa. Jina ni mali ya Authentic Brands Group, inayowakodishia wauzaji wa nchi nyingine walitumie.

Yule binti aliichukua blauzi kwa shilingi 3,000. Nikamshonea pindo palepale, huku akiniuliza fremu ya kona ile inadai kodi ya miezi mingapi.