Tiba ya mwanga kwa wenye sonona: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wengi hudhani kwamba tiba ya mwanga, yaani kukaa karibu na taa kali maalumu kila siku ili kupunguza sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), inawafaa tu watu wa nchi za baridi kali, wale ambao huzuni huwarudia kila majira ya giza yanapoingia. Dhana hiyo ina chimbuko lake, kwa kuwa mwaka 1984 daktari wa akili Norman Rosenthal na wenzake, nchini Marekani, waliielezea sonona ya majira na kuwajaribia wagonjwa wake tiba hiyo. Lakini mwaka 2016 daktari wa akili Raymond Lam na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la wiki 8 kwa watu wazima 122 wenye sonona isiyofuata majira. Waliotumia mwanga peke yake walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa tiba bandia, isiyo na nguvu ya kutibu, na waliouchanganya na fluoksetini, dawa ya sonona, wakapata nafuu pia. Jaribio moja la ukubwa huo halimalizi mjadala, ila linatosha kuwanyamazisha wanaosema kuwa tiba hii haina kazi nje ya majira ya baridi.

Dhana ya pili ndiyo inayowapotezea watu fedha: kwamba taa yoyote kali inatosha. Mwanga hapa ni dawa yenye kipimo. Kiwango kinachotumika sana ni luksi (kizio cha ukali wa mwanga) 10,000 kwa dakika 30 hivi kila asubuhi, ilhali taa za kawaida za nyumbani kwa nadra huvuka luksi 500. Taa ya luksi 2,500 huhitaji takribani saa 2 kufikia kipimo hicho. Tena luksi hupungua haraka kadiri mtu anavyosogea mbali, kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye boksi haina maana pasipo kutajwa umbali wake. Saa ya kuwasha taa nayo ina uzito: mwanga mkali wa usiku huichelewesha saa ya mwili na kumfukuzia mtu usingizi.

Wapo pia wanaoamini kwamba mwanga hufanya kazi kwa kuipa ngozi vitamini D. Sivyo. Njia yake ni macho, ambamo seli fulani za retina (utando wa nyuma ya jicho) zenye melanopsini, protini inayohisi mwanga, hupeleka taarifa kwenye sehemu ya ubongo inayoongoza saa ya mwili. Ndiyo maana taa nzuri za tiba huchuja miale ya urujuanimno, ile inayoifanya ngozi itengeneze vitamini D, na taa za kubadilisha rangi ya ngozi haziwezi kushika nafasi yake. Mtumiaji huacha macho wazi, akasoma au akanywa chai, bila kuikodolea taa.

Kwamba mwanga hauna madhara kwa sababu ni wa asili, hilo ndilo kosa la hatari kuliko yote. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na uchovu wa macho hutokea, ingawa mara nyingi huwa mepesi. Mwenye ugonjwa wa baipola, unaomyumbisha mtu kati ya sonona na msisimko, anaweza kusukumwa kwenye msisimko uliopita kiasi, na mwenye maradhi ya retina, au anayetumia dawa zinazoongeza wepesi wa kudhuriwa na mwanga, anapaswa kumwona daktari kabla ya kuwasha taa. Nafuu, kwa inayempata, huanza kuonekana ndani ya wiki 1 hadi 2. Mwenye mawazo ya kujiua hapaswi kuzisubiri wiki hizo, bali apate msaada wa kitabibu siku hiyohiyo.