Tartani Hii ni ya Nani? Anza na Mistari, Rangi Iache

Swali tunaloletewa mara kwa mara kwenye meza ya nguo hapa makumbusho ni moja: "Hii ni ya ukoo gani?" Mtu ameshika skafu, blanketi au kilti (sketi ya marinda ya wanaume) ya tartani, yaani sufu ya mirabaraba kutoka Uskoti, anataka jina. Mara nyingi jina hupatikana. Shida ni kwamba watu huanzia kwenye rangi, na rangi ni shahidi asiyeaminika.

Tartani ileile hufumwa kwa vivuli kadhaa vya rangi. Vilivyokolea huitwa "vya kisasa", vilivyopauka huitwa "vya kale", na vipo vya "kuchakaa", ambamo kijani hugeuka hudhurungi na buluu ikawa kijivu. Neno "kale" hapo halihusu umri: skafu iliyotoka kiwandani mwaka jana yaweza kuitwa ya kale.

Fuata mpangilio wa nyuzi. Katika tartani, mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za upana) kwa kawaida hubeba mfuatano uleule wa rangi, kwa hiyo unasoma upande mmoja tu. Andika: nyeusi ngapi, buluu ngapi, kijani ngapi. Ukifika mahali mfuatano unapogeuka na kurudi ulikotoka, hesabu imetimia. Zipo chache zisizogeuka, mojawapo ya ukoo wa Buchanan, na hiyo yenyewe ni alama. Usishikilie idadi kamili, maana skafu hufumwa kwa mraba (mfuatano mmoja kamili) mdogo kuliko kilti. Kinachobaki palepale ni uwiano na utaratibu.

Tuchukue mfano unaowachanganya wengi: kitambaa cha giza cha buluu, nyeusi na kijani. Kikiwa hakina mstari wa rangi nyingine, hicho ni cha Black Watch, kikosi cha jeshi cha Kiskoti kilichotokana na makampuni ya ulinzi ya mwaka 1725 na kuundwa rasmi mwaka 1739. Kikipitiwa na mstari wa njano, ni Gordon. Kikosi cha Gordon kilipokuwa kikiandaliwa, miaka ya 1793 na 1794, mfumaji William Forsyth wa Huntly alimpelekea mkabaila mwenye cheo cha Duki wa Gordon sampuli za mstari mmoja, miwili na mitatu, naye Duki akachagua ya mmoja. Mistari myeupe na myekundu ni Mackenzie, iliyovaliwa na kikosi cha Seaforth. Mstari mweupe peke yake ni Forbes au Lamont: ule wa Forbes umepakana na weusi pande zote mbili, wa Lamont hauna mpaka huo. Uzi mmoja mwembamba, na jina limebadilika.

Kilti ya jeshi igeuze nyuma uone marinda. Ya kiraia mara nyingi hukunjwa ili mraba mzima uendelee kuonekana. Ya kijeshi hukunjwa kwa kufuata mstari: kwa Gordon, kila rinda linaonyesha njano, kwa Seaforth, nyeupe.

Upande wa koo, nawaomba subira. Jina la kitambaa si lazima liwe jina la aliyekivaa. Katika vita vya Culloden huko Uskoti, Aprili 1746, waasi waliofuata ukoo wa kifalme wa Stuart walitambuana kwa utepe mweupe kofiani, tartani zao zilichanganyika tu. Sheria iliyofuata ilizuia vazi la Nyanda za Juu za Uskoti hadi 1782, lakini haikuwagusa wanajeshi, ndiyo maana mifano ya vikosi imehifadhika vizuri zaidi. Kampuni ya ufumaji ya Wilson ya Bannockburn iliuza mifano mingi kwa namba, na baadhi ilipewa majina ya koo baadaye. Mwaka 1815 Chama cha Nyanda za Juu cha London kiliwaomba wakuu wa koo wawasilishe sampuli zao. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh, kila mwungwana alitaka tartani yake haraka. Halafu mwaka 1842 ndugu wawili waliojiita Sobieski Stuart wakachapisha kitabu cha tartani, "Vestiarium Scoticum", wakidai kuwa kimetoka kwenye hati ya kale. Kilikuwa cha kughushi, ila tartani zake kadhaa zinavaliwa hadi leo kwa fahari, na mimi sioni sababu ya kumvua mtu.

Ukishapata mfuatano, ulinganishe na Rejista ya Tartani ya Uskoti, iliyofunguliwa mwaka 2009 na kupatikana bure kwenye intaneti. Piga picha kitambaa kikiwa kimelazwa bapa, kwenye mwanga wa mchana, rula ikiwa pembeni.

Kama ulicho nacho ni picha ya zamani isiyo na rangi, usitegemee mstari wa njano wala mwekundu: filamu za enzi hizo ziliufanya mweusi, nayo tartani ya Gordon ikaonekana kama ya Black Watch. Hapo tazama beji ya kofia. Kichwa cha paa dume ndani ya shada la majani ya mtambaazi ni Gordon. Kichwa cha paa bila shada, chenye utepe wa maandishi chini yake, ni Seaforth.