Umeanza dawa ya tezi, mbona bado unachoka na kusikia kizunguzungu?

Wiki ya pili au ya tatu baada ya kuanza dawa, wagonjwa wengi wa tezi ya shingo hurudi kliniki wamevunjika moyo. "Daktari, kidonge nameza kila siku, lakini mwili bado mzito, na nikiinuka kitandani naona nyumba inazunguka." Malalamiko hayo ni ya haki. Ila jibu lake si kujiongezea vidonge.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, na homoni yake ndiyo inayopanga kasi ya mwili: mapigo ya moyo, joto, usagaji wa chakula, hata wepesi wa kufikiri. Ikilegea, mtu anasikia baridi wenzake wakitoka jasho, choo kinakuwa kigumu, hedhi inakuwa nzito, na usingizi hauishi hata alale usiku kucha. Mara nyingi chanzo ni kinga ya mwili kuishambulia tezi, ugonjwa ambao daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliueleza mwaka 1912. Kwa wengine ni upasuaji wa rovu, tiba ya mionzi, au upungufu wa madini joto.

Dawa ya levothairoksini, yaani homoni ya thairoidi iliyowekwa kwenye kidonge, inafanya kazi polepole kwa sababu inatoka mwilini polepole: siku 7 hivi hupita ndipo nusu yake iondoke. Kiwango chake katika damu huhitaji wiki kadhaa kutulia, ndiyo maana kipimo cha TSH (homoni inayoiamrisha thairoidi ifanye kazi) tunakirudia baada ya wiki 6 hadi 8. Na hapo pana mtego. Ukiacha dawa leo, kesho hutaona tofauti. Wapo wanaoishiwa vidonge, wakakaa wiki nzima wazima, wakaamini wamepona. Uchovu huja kurudi kidogo kidogo, hata mtu asikumbuke ulianza lini.

Kabla ya kubadilisha dozi, mimi huuliza kwanza: unaimezaje? Imezwe kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Kahawa, maziwa na uji wa lishe wenye soya huizuia isifyonzwe vizuri. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalisiamu na baadhi ya dawa za kiungulia viachane nayo kwa saa 4. Jambo hili linawagusa sana wajawazito, wanaopewa vidonge vya madini chuma kliniki huku mahitaji yao ya homoni yakipanda. Mama mwenye tatizo la tezi aseme mapema, mara tu anapojua ana mimba. Anayefunga Ramadhani anaweza kuimeza usiku kabla ya kulala, saa 3 baada ya kula, au akaamka mapema kabla ya daku. Muhimu ni achague wakati mmoja na aushike. Dawa yenyewe isikae juu ya friji wala jikoni, maana joto na unyevu huiharibu.

Jambo jingine ambalo wengi hawalitaji mpaka waulizwe ni vitamini za nywele. Nyingi zina baotini, aina ya vitamini B, na baotini huweza kupotosha majibu ya maabara yakaonyesha dozi imezidi wakati haijazidi. Mwambie daktari kabla ya kutolewa damu, akuelekeze uiache kwa siku ngapi.

Sasa kizunguzungu. Tezi iliyolegea yaweza kukileta, kwa kuwa moyo unapiga taratibu, lakini nakuomba usiibebeshe tezi kila kitu. Hedhi nzito hupunguza damu, hivyo wekundu wa damu upimwe. Presha ipimwe ukiwa umelala, kisha umesimama. Sukari nayo iangaliwe, pamoja na dawa nyingine unazotumia, hasa za presha. Kizunguzungu kikija na moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na jasho, huenda dozi ndiyo imekuwa kubwa. Kwa sasa, ukiamka kaa kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, na usipande ngazi wala kuendesha bodaboda kichwa kikiwa chepesi.

Kuna kundi ambalo halipaswi kusubiri wiki 6. Aliyezimia, mwenye maumivu ya kifua, aliyepinda uso au kushindwa kusema vizuri, na mgonjwa wa tezi aliyepoa mwili, anayesinzia na kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Na mama aliyetokwa na damu nyingi sana alipojifungua, kisha maziwa hayakutoka na hedhi haikurudi, atueleze historia hiyo kabla hajaanza levothairoksini. Huenda tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, inayoiamrisha thairoidi, ndiyo iliyoumia. Kwake TSH pekee yaweza kuonekana ya kawaida, na dawa ya thairoidi ikitangulia kabla ya kotisoli, homoni inayosaidia kushikilia presha, kurekebishwa, presha inaweza kuporomoka hadi kuhatarisha maisha.