Mathenge haufi kwa panga

Mfugaji wa Baringo, Kenya, anayekata mathenge, mti wa miiba (Prosopis juliflora), juu kidogo ya ardhi amejiongezea kazi. Kisiki hutoa machipukizi mengi mahali pa shina moja, na misimu michache baadaye pale pana kichaka cha miiba ambacho hata mbuzi hakipenyi.

Mti huu kwao ni Amerika ya Kati na Kusini. Kenya uliletwa na watu, tena kwa nia njema. Mwaka 1973 ulipandwa Bamburi, karibu na Mombasa, ili kurudisha kijani kwenye machimbo ya mawe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukafika Baringo kuzuia mmomonyoko na kuwapa watu kuni. Kuni zimepatikana kweli, haki yake tuipe. Lakini nyasi zimepotea chini yake, na mbuzi waliozoea maganda yake matamu wameoza meno. Mwaka 2006 wakazi walipeleka malalamiko mahakamani, wakamfikisha na mbuzi kibogoyo kuwa ushahidi. Mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa gugu haribifu.

Mgunga, mti wetu wa asili, nao huzaa maganda yanayopendwa na mbuzi, ila nyasi huota kivulini mwake. Mathenge hujifunga pamoja, shina kwa shina, hauachi nafasi. Mbegu zake hupita tumboni mwa mnyama zikiwa nzima, zikatua njiani ndani ya samadi, tayari zina mbolea. Kwa hiyo anayeusambaza zaidi ni mifugo yetu wenyewe, wakisaidiwa na mafuriko.

Ugeni peke yake si kosa. Ngamia naye si wa asili ya kaskazini mwa Kenya. Wa kwanza walifugwa Arabuni. Lakini ngamia ana mwenyewe, hufungwa, huuzwa, huchinjwa. Mathenge hauna mchungaji. Wala ukoo wake hauna lawama: mghafu wa Oman, ndugu yake, ni mti wa asili wa jangwa lile na wenyeji wanauthamini.

Basi ukiamua kuung'oa, fukua udongo kuzunguka shina, ukate mzizi angalau sentimita 10 chini ya ardhi, kwa sababu macho yanayochipua yako pale shina linapokutana na mzizi. Ukishasafisha, panda nyasi mapema, maana ardhi tupu ndiyo inayoukaribisha tena. Maganda yaokote kabla mifugo hawajayafikia, uyakaushe na kuyasaga mpaka mbegu zivunjike. Unga huo uchanganye na malisho mengine, usiwe chakula pekee. Na kila baada ya mvua pita boma la zamani na njia ya kwenda kunywesha: miche ya wiki chache hung'oka kwa mkono, ya mwaka mmoja itakudai jembe.