Mchele wa plastiki na mchele wa mawe: tunayosema Bukavu, na yanayotendeka kwenye mashini

Siku moja kwa shangazi yangu, katika mtaa wa Kadutu, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, sufuria nzima ya wali ilimwagiwa kuku. Jirani aliingia tukiwa tunapakua, akachota tonge, akalifinyanga vizuri kama mtoto achezaye udongo, akalipiga sakafuni. Likadunda. "Mama, huu ni plastiki," akasema. Basi hakuna aliyethubutu tena kutia mkono kwenye sahani, na sombe (majani ya muhogo) na sambaza (samaki wadogo wa ziwani) tukazila kwa viazi vilivyobaki tangu mchana.

Iliniuma, kwa sababu nimekulia kwenye mchele. Mama alikuwa muuzaji, na mikono yangu ilijua lungo, yaani ungo wa kupepetea, kabla ya kujua kalamu. Ninachokisikia sokoni ni kwamba mchele wa ng'ambo ukiwa safi mno tunauogopa, na wa kwetu, wa bonde la Ruzizi, ukiwa na mawe na chenga (punje zilizovunjika) tunaudharau. Mara zote mbili tunailaumu punje, wakati makosa na sifa ni za mashini iliyoipitisha.

"Punje zinafanana mno, zimetengenezwa kiwandani"

Wali wowote unaonata hudunda ukifinyangwa. Wanga uliopikwa ni gundi, na ukipoa unakaza. Kuuchoma kwa kiberiti nako hakuonyeshi kitu, maana mchele halisi pia unaungua na kuwa mweusi. Kama una wasiwasi, tazama sufuria: mchele hunywa maji na kuvimba, kikombe kimoja kinajaza sahani kadhaa. Plastiki hainywi maji hata ukiichemsha kutwa.

Na kufanana kwa punje kuna sababu yake. Katika kiwanda kikubwa, mchele ukishakobolewa hupitishwa kwenye mtungi mrefu wa chuma unaozunguka, wenye vishimo vidogo ukutani kwa ndani. Chenga hukaa ndani ya vishimo, zikapandishwa juu na kumwagwa kwenye mfereji wa katikati. Punje nzima hazienei humo, kwa hiyo huteleza chini hadi mwisho wa mtungi. Kisha unakuja uchaguzi wa rangi. Punje zinaporomoka kwenye vijia vyembamba, kamera inazitazama zikiwa bado hewani, na ikiona moja nyeusi au yenye doa, kitundu cha hewa kinaipuliza pembeni kabla haijafika chini. Ule mng'ao unaotutia shaka mara nyingi ni wa kusuguliwa tu, punje zikiwa zimenyunyiziwa maji kidogo kama umande.

Desemba 2016, forodha ya Nigeria ilikamata Lagos mifuko 102 iliyodaiwa kuwa ya mchele wa plastiki. Shirika la nchi hiyo linalosimamia chakula na dawa likaupima mchele ule. Plastiki haikuwamo. Walichokikuta ni bakteria kupita kiwango kinachoruhusiwa. Hilo ndilo la kuogopa, mchele uliotunzwa vibaya, na hilo halionekani kwa kudundisha tonge.

"Mchele wa Ruzizi ndivyo ulivyo, wa mawe"

Hakuna shuke la mpunga linalozaa jiwe. Kokoto zinaingia baada ya mavuno, mpunga unapopigwa juu ya ardhi tupu, unapoanikwa uani au kando ya barabara, unapozolewa kwa ufagio na koleo. Shitingi moja, yaani turubai la plastiki, iliyotandikwa vizuri inaondoa sehemu kubwa ya tabu hiyo kabla mashini yoyote haijawashwa.

Zinazobaki, mama alizitoa kwa lungo, na mashini ya kutoa mawe ina akili ileile ya lungo. Ni bamba la matundu lililoinamishwa, linatetemeka bila kukoma, na hewa inapulizwa kutoka chini. Mchele, kwa wepesi wake, unabebwa na hewa na kuteremka. Jiwe ni zito, linabaki limegusa bamba, na mtetemo unalisukuma kupanda upande wa juu hadi litoke kwa mlango wake. Mara ya kwanza kuiona niliduwaa: mawe yanapanda mlima na mchele unashuka.

"Mbegu yetu ni dhaifu, inavunjika"

Hapa ndipo tunapowaonea wakulima zaidi.

Mpunga huvunwa ukiwa na maji karibu asilimia 20 hadi 25 ya uzito wake, na hukobolewa vizuri ukikauka hadi karibu 14. Njia ya kufika hapo ndiyo inayoamua. Ukiutandaza tabaka jembamba juani saa saba mchana, nje inakauka upesi kuliko ndani, na punje inapata ufa. Ukiuacha unyeshewe au ulale kwenye umande kisha urudi juani, ufa unaongezeka. Chukua punje moja, imenye kwa kucha taratibu, iinue kuelekea dirishani: utauona mstari mwembamba umekata katikati. Punje hiyo imeshavunjika tayari, inasubiri tu kuguswa.

Halafu inafika kwenye mashini. Ile ya chuma, inayonguruma katika mabonde mengi ya Afrika, asili yake ni Brazil. Evaristo Conrado Engelberg aliibuni mwaka 1885 kwa ajili ya kahawa na mpunga, na baadaye ikatengenezwa kwa wingi Syracuse, jimbo la New York. Ndani yake mna mhimili wa chuma wenye migongo, unaozunguka ndani ya kasha. Pembeni kuna kisu cha kurekebisha nafasi, chini kuna chekecheo. Mpunga unasukumwa humo na kusagana wenyewe kwa wenyewe mpaka ganda na pumba (ile ngozi nyembamba iliyo chini ya ganda) vitoke pamoja, kwa mkupuo mmoja.

Siidharau hata kidogo. Ni ndogo, ni rahisi, na fundi wa kijijini anaifungua na kuifunga. Wanawake wengi waliacha mchi na kinu kwa sababu yake. Lakini bei yake ni kubwa kuliko tunavyodhani. Kutoka kilo 100 za mpunga, mashini ya namna hii hutoa kilo 50 hadi 55 za mchele, na nyingi kati yake ni chenga. Kiwanda kizuri chenye hatua kadhaa hutoa kilo 65 hadi 70. Hizo kilo kumi na zaidi hazikuibwa na mtu. Zimesagwa, zimetoka chini pamoja na maganda, na mtu anazibeba kama pumba za nguruwe.

Katika kiwanda cha hatua kadhaa, kutoa ganda na kutoa pumba ni kazi mbili tofauti. Ganda hutolewa na magurudumu mawili ya mpira yanayozunguka yakielekeana, moja likiwa na kasi kuliko jingine. Punje ikipita katikati, upande mmoja unavutwa haraka, mwingine polepole, na ganda linavuliwa kama shati. Mpira unalika na lazima ubadilishwe, hiyo ndiyo gharama yake, na ndiyo maana mwenye mashini anayefikiria vipuri anarudi kwenye chuma. Namwelewa. Lakini mama anayenunua chenga Kadutu asiseme mbegu ni mbaya.

Na chenga zenyewe si chakula cha aibu. Ni wanga uleule, vitamini zilezile. Kule Senegal chenga ndizo zinazopendwa kwa wali wao wa samaki, nchi nzima inaziagiza kwa makusudi. Sisi tunaziona zimeandikwa kwenye mfuko, «25 % brisures», yaani chenga asilimia 25, na hatusomi.

"Mweupe zaidi ndio bora"

Weupe ni kipimo cha pumba zilizoondolewa, basi. Katika miaka ya 1890 daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku wakilegea miguu huko Java, kisiwa cha Indonesia ya leo. Walikuwa wamelishwa mchele mweupe kutoka jiko la hospitali ya jeshi. Waliporudishiwa mchele wenye pumba, wakapona. Ni ugonjwa wa beriberi kwa kuku, na chanzo chake ni kukosa vitamini B1, ambayo iko kwenye pumba. Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Ule wa rangi ya manjano ambao wengi wanauita mzee au wa rangi ya dawa, kwa kawaida umelowekwa na kupigwa mvuke ukiwa bado mpunga, kisha ukakaushwa. Mvuke unaisukuma sehemu ya vitamini hizo ndani ya punje, na unaziba nyufa, kwa hiyo mchele huo hauvunjiki sana. Mimi ningependa tuuone zaidi kutoka Ruzizi.

"Mfuko mzuri umefungwa, fukusi wanatoka wapi?"

Wanatoka ndani ya punje. Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai moja, kisha huziba tundu. Jicho halioni kitu. Wiki kadhaa baadaye mdudu anatoka, hata kama mfuko haujaguswa. Na mfuko wa kawaida wa kusukwa unapitisha hewa, iwe umeandikwa Kifaransa au Kiingereza. Hata maandishi yasikudanganye: mfuko mtupu unauzwa sokoni na kujazwa tena mchele wowote.

Kuna mifuko ya tabaka tatu, iliyobuniwa miaka ya 1980 mwishoni kwa ajili ya kunde za Kamerun na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Miwili ya ndani ni ya plastiki nzito, wa nje ni wa kusukwa. Wadudu waliomo wanamaliza oksijeni wenyewe, wanaacha kula, wanakufa, bila dawa yoyote. Mchele uwe mkavu kweli. Kamua hewa, sokota shingo ya mfuko wa kwanza, ikunje, kaza kamba; fanya hivyo wa pili, kisha wa nje. Shangazi ana miwili chini ya kitanda. Wa kula kila siku anauweka kwenye ndoo, kwa sababu kila ukifungua ule mfuko unawarudishia wadudu pumzi.